Karatasi inayosema "pozitifu": tusome mwongozo wa OMS tukiwa Kpandroma



Mwezi wa saba 2021 OMS ilitoa toleo la pili la mwongozo wake juu ya kupima na kutibu vidonda vinavyotangulia kansa ya mlango wa kizazi. Ni kitabu kinachosomwa na wizara, na waganga wakubwa, na mashirika. Lakini ile karatasi ndogo ambayo dada yako au mama mdogo wako anarudi nayo nyumbani, imekunjwa mara nne ndani ya kitenge, inatoka ndani ya kitabu hicho. Kwa hiyo ni kitabu chetu pia. Leo tukisome kama tunavyosoma kitabu kingine chochote: kinasema nini vizuri, kinanyamaza wapi, na mwanamke wa Kpandroma anakaa ukurasa gani.

Hoja yangu ni moja. Baada ya jibu lisilo zuri, hatua bora ni ile ambayo mwanamke huyu anaweza kuifikisha mwisho, hata kama haina mashine nyingi. Mwongozo unalijua jambo hilo nusu. Nusu nyingine umetuachia sisi.

Tuanze na neno

Huku kwetu Ituri neno "pozitifu" halifiki likiwa tupu. Limepitia sida. Limepitia Ebola ya 2018 hadi 2020, wakati kuitwa pozitifu ilikuwa ni kuchukuliwa, kutengwa, na nyumba kunyunyiziwa klori mbele ya majirani. Limepitia Kovidi. Sasa mama wa miaka 38 anapewa karatasi imeandikwa "HPV pozitifu" kisha anaambiwa arudi. Anasikia nini? Anasikia: nimekwisha.

Kumbe maana yake ni nyingine kabisa. HPV ni virusi ambavyo karibu kila mtu aliyewahi kulala na mwenzake hukutana navyo wakati fulani. Mara nyingi mwili unavifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shida inakuja pale aina zile za hatari, hasa 16 na 18, zinapokataa kutoka. Hapo vidonda vinaweza kuanza, na vikiachwa, vingine vinageuka kansa. Safari hiyo kwa kawaida inachukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VIH asiyetumia dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu.

Tena karatasi hazifanani, na hapa wengi tunachanganya. "HPV pozitifu" inasema virusi vipo. Haisemi kama kuna kidonda. "IVA pozitifu" inasema muuguzi amepaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi na ameona sehemu imegeuka nyeupe. Hapo kuna kitu cha kutazama, lakini weupe mwingine unatoka kwa uvimbe wa kawaida tu. "Frotti si ya kawaida" inasema chembe zilizokwanguliwa na kutazamwa kwa darubini zina mabadiliko, madogo au makubwa. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayosema "una kansa".

Hapo lawama ya kwanza haiendi Geneva, inabaki kwetu. Tunatangaza kanisani na redioni: "Wamama waje kupima kansa." Ukimwita mtu kupima kansa, jibu baya litakuwa kansa tu, huwezi kumfafanulia tena. Na jibu zuri nalo litasikika kama kinga ya milele, hatarudi. Kipimo hiki kinatafuta hatari kabla kansa haijafika. Tungesema "kupima mlango wa kizazi", watu wangeogopa kidogo na kurudi zaidi.

Hesabu ya safari

Sasa njia ya zamani, ile inayofundishwa vitabuni kama njia kamili. Mwanamke anakuja kufanya frotti: safari ya 1. Anarudi kuchukua jibu: safari ya 2. Jibu si zuri, anatumwa kwenye kolposkopi, yaani mlango wa kizazi unatazamwa kwa kioo cha kukuza, na kipande kidogo kinakatwa kwa biopsi: safari ya 3. Anarudi kwa jibu la biopsi: safari ya 4. Ikionekana kidonda kikubwa, anarudi kutibiwa: safari ya 5.

Kwenye karatasi ni ngazi nzuri, kila hatua inahakikisha ile ya nyuma. Lakini hebu tufanye hesabu ya shule ya msingi. Tuseme wanawake 100 wote wanahitaji kutibiwa, na kila mara watu 8 kati ya 10 wanarudi, jambo ambalo kwetu lingekuwa la kushangilia. Baada ya safari ya 2 wako 80. Ya 3, wako 64. Ya 4, wako 51. Ya 5, wako 41. Wanawake 59 wamepotea njiani bila munganga yeyote kukosea hata kidogo. Ni ngazi yenyewe iliyowapoteza.

Na huku kwetu safari ni nini? Ni nauli ya pikipiki. Ni siku ya soko iliyopotea. Ni mtoto wa kuachia jirani. Ni kuuliza kwanza barabara iko namna gani leo. Tangu Desemba 2017 vita vya Djugu vimehamisha watu kwa malaki. Anayemwambia mama wa Kpandroma "rudi baada ya wiki sita" anamwomba ahadi ambayo hata gavana hawezi kuitoa.

Si nadharia tu. Kule Migori, Kenya, karibu na ziwa Victoria, watafiti waliwapelekea wanawake kipimo cha HPV kijijini, mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe. Walikuja wengi kuliko wale waliongojewa kwenye vituo. Kupima kulifaulu. Lakini kati ya waliopatikana na virusi, waliofika hospitali kutibiwa walikuwa chini ya nusu. Na Migori haikuwa na vita.

Mwongozo unafanya uamuzi mzuri

Hapa ndipo naupa mwongozo heshima yake. Waandishi wake walijua wanawake wanapotea njiani, wakaandika wazi: kwa mwanamke wa kawaida kuanzia miaka 30, kipimo cha kwanza kiwe HPV, na baada ya hapo kuna barabara mbili halali. Moja ni "pima, tibu": HPV ikionekana, mlango wa kizazi unatazamwa kujua kama anafaa kutibiwa pale pale, na akifaa, anatibiwa. Nyingine ni "pima, chuja, tibu": HPV ikionekana, kinafanywa kipimo cha pili kama IVA, na anayetibiwa ni yule tu ambaye cha pili nacho kimeonyesha kitu. Kwa mwanamke anayeishi na VIH wanataka aanze na miaka 25, na apitie barabara ya kuchuja.

Matibabu yenyewe si ya kuogopesha. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuunguza sehemu ile kwa joto, kazi ya dakika chache, bila kulaza mtu hospitali. Njia ya kugandisha kwa baridi ipo pia, ila inadai mitungi ya gesi, na mitungi ni mizito, na barabara zetu tunazijua. Kifaa cha joto kingine kinatumia betri na kinaingia ndani ya begi.

Kuna watakaosema: mbona kutibu mtu ambaye labda hana kidonda? Hoja hiyo ni ya kweli, tusiifiche. Kwenye "pima, tibu" wanawake wengi wanaunguzwa kwa ajili ya virusi ambavyo mwili ungevifukuza wenyewe. Ndiyo sababu wasichana wa miaka 20 hawapelekwi kwenye barabara hii. Kwao HPV inakuja na kuondoka sana. Lakini tuweke mizani. Afrika Kusini walijaribu na wanawake 6,555 wa miaka 35 hadi 65 huko Khayelitsha, matokeo yakatoka 2005. Baada ya miezi sita, vidonda vikubwa vilionekana kwa asilimia 0.80 ya walio kwenye kundi la HPV na matibabu, asilimia 2.23 ya kundi la IVA na matibabu, na asilimia 3.55 ya wale ambao matibabu yao yalicheleweshwa. Kutibu mapema kulipunguza vidonda, na madhara makubwa yalikuwa machache sana. Hii ndiyo bei na hii ndiyo faida. Mwanamke ana haki ya kuzisikia zote mbili.

Ukimya wa kwanza: anaulizwa lini?

Neno "ridhaa" limo ndani ya mwongozo. Lakini barabara ya siku moja ina hatari yake: haraka. Mama amelala juu ya kitanda, miguu juu, anaambiwa "tumeona kitu, tuendelee?" Hiyo si ridhaa, jamani. Nani atasema hapana akiwa vile?

Dunia ina somo chungu juu ya hili, na linatoka nchi tajiri. Kwenye hospitali ya National Women's, Auckland, New Zealand, daktari Herbert Green aliruhusiwa mwaka 1966 kuwafuatilia tu wanawake wenye vidonda vikubwa bila kuvitibu kikamilifu, kwa sababu aliamini havigeuki kansa. Wanawake wenyewe hawakuambiwa kwamba wako ndani ya jaribio. Jambo lilifunuliwa 1987 na waandishi wawili wanawake, Sandra Coney na Phillida Bunkle, na mwaka uliofuata jaji Silvia Cartwright akatoa ripoti yake. Baadaye watafiti walihesabu: kati ya wanawake wenye kidonda kikubwa waliokatwa kipande cha biopsi tu, karibu asilimia 31 walipata kansa ndani ya miaka 30. Kati ya waliotibiwa vizuri, ni asilimia 0.7.

Tunajifunza mambo mawili kwa pamoja. Kidonda kikubwa hakingojewi. Na uamuzi wa kungoja au kutibu hauwezi kukaa kichwani mwa munganga peke yake. Auckland walikosea kwa kungoja bila kuuliza. Sisi tusije tukakosea kwa kuharakisha bila kuuliza. Dawa yake ni rahisi: mazungumzo yafanyike kabla ya kipimo, mama akiwa amekaa na nguo zake, kwa Kiswahili au Kilendu au Kialuri. "Tukiona hivi, tunaweza kutibu leo leo. Utakubali, au ungependa kwenda nyumbani kufikiri?" Akijibu pale, ni jibu lake.

Zambia walionyesha kwamba inawezekana. Tangu 2006 wauguzi wa Lusaka walipima kwa IVA, wakapiga picha ya mlango wa kizazi kwa kamera ya kawaida, wakamwonyesha mwanamke mwenyewe picha yake, na aliyefaa akatibiwa siku ile ile. Picha ngumu zilitazamwa na daktari. Mwanamke aliyeona picha yake anaelewa anakubali nini.

Ukimya wa pili: wale wasiofaa kutibiwa siku ile

Si kila mtu anaweza kuunguzwa na kwenda nyumbani. Kidonda kikiingia ndani ya mfereji kisionekane mwisho wake, hapana. Kikifunika zaidi ya robo tatu ya sehemu ile inayoshambuliwa, hapana. Mjamzito anangoja ajifungue. Mama wa miaka zaidi ya 50 mara nyingi ile sehemu imerudi ndani, IVA haiioni vizuri, na "IVA negatifu" yake isimpe usingizi. Na kukiwa na shaka ya kansa yenyewe, yaani damu baada ya kulala na bwana, nyama inayoota, harufu isiyoisha, basi hakuna kuunguza kabisa. Huyo ni wa biopsi, haraka.

Kwa watu hawa mwongozo unasema: wapelekwe juu. Sawa. Lakini juu ni wapi? Kutoka Kpandroma, Rethy iko karibu, Bunia iko mbali, na kidonda kikubwa kinadai kukatwa kwa kitanzi cha waya wa umeme na mtu anayejua kukishika. Ikiwa ni kansa iliyokwisha kusambaa, inadai mionzi, na wengi wetu tukisikia mionzi tunawaza njia ya Mahagi, Goli, mpaka Mulago, Kampala. Hata huko, mashine ya mionzi ilikufa 2016, na Uganda nzima ikakaa karibu miaka miwili kabla mpya haijaanza kazi.

Kwa hiyo mimi naona kampeni yoyote ya kupima inayokuja kwetu iulizwe swali moja kabla ya kupewa uwanja: wale mtakaoshindwa kuwatibu hapa, mmepanga waende kwa nani, siku gani, na nani analipa nauli? Kama jibu ni "tutawaandikia karatasi", basi mnakuja kugawa hofu tu.

Ukimya wa tatu: mwaka mmoja baadaye

Aliyetibiwa anatakiwa kupimwa tena baada ya miezi 12. Aliyekuwa na HPV lakini kipimo cha pili hakikuona kitu anarudi baada ya miezi 24, na kama anaishi na VIH, baada ya 12. Ni maneno mazuri. Ila yanafikiri kwamba mwanamke, kituo na rejista vitakuwa bado mahali pamoja.

Djugu si hivyo. Mwaka 2018 peke yake makumi ya maelfu ya watu wetu walivuka ziwa Albert kwenda Uganda. Wengine wako kwenye kambi karibu na Bunia. Rejista imebaki kwenye kabati la kituo ambacho pengine hakina tena mlango. Basi karatasi isafiri na mama. Iandikwe tarehe, alipimwa na nini, kilionekana nini, alitibiwa na nini au hakutibiwa, na mwezi gani arudi popote atakapokuwa. Mistari mitano. Muuguzi wa Bunia au wa ng'ambo ya ziwa ataisoma na kuendelea. Bila hiyo, anaanza upya kutoka sifuri, au haanzi kabisa.

Na nyumbani?

Kuna jambo ambalo mwongozo unaligusa kwa sentensi chache na sisi tunalijua kwa miaka. Baada ya kuunguzwa, mama anatoka maji maji kwa wiki kadhaa, na anaambiwa asilale na bwana yake karibu wiki nne, au watumie kondomu. Sasa aende amwambie nini? Akikaa kimya, inaonekana anakataa ndoa. Akieleza, swali linalofuata ni: "Nani alileta?"

Ndugu zangu wanaume wasomi, hapa ndipo kazi yenu. HPV inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Haiwezi kusema nani, wala lini. Haithibitishi uzinzi wa mtu yeyote. Mwanamume anayelielewa hili anaokoa ndoa na anaokoa matibabu kwa pamoja, maana mama anayeogopa nyumbani ndiye yule ambaye hatarudi.

Mwaka 2022 kansa hii iliua wanawake kama 350,000 duniani, na kati ya 100, 94 walikuwa wa nchi kama yetu. Wengi wao hawakukosa sayansi. Sayansi ipo, na mwongozo huu ni sehemu yake. Walikosa safari ya pili.

Sisi tulio na diploma ndio tunaoletewa karatasi usiku tuisome. Basi tusiishie kutafsiri neno. Tuulize manne: Kipimo gani, HPV, IVA au frotti? Walikuambia unafaa kutibiwa pale pale, au kuna sababu ya kukupeleka mbele? Ukipelekwa mbele, ni wapi na nani anakungoja? Na tarehe ya kurudi ni ipi? Jibu likikosekana hata kwa swali moja, kesho asubuhi mpeleke mwenyewe kituoni akaulize, na ukae naye kwenye benchi mpaka ajibiwe.